Kambi ya Porini Ilivyoanza

Msomaji wangu, ikiwa hujapata kulala katika kambi ya porini, nisikilize kwanza nikueleze ilivyo, maana habari ninayotaka kukupa inaanzia hapo. Jua likiisha kutua, nyika hunyamaza kidogo, halafu huanza kusema kwa sauti nyingine. Mahema yamepangwa safu moja, milango yake ikitazama upande mmoja. Mbele unawaka moto wa magogo. Nyuma, mbali kidogo, uko moto wa pili ulio mdogo, nao ndio jiko. Maji ya kuoga yanachemka katika debe. Mkate unaokwa ndani ya sufuria iliyofunikwa, makaa chini na makaa juu, kama vile mama zetu wa Pwani waokavyo mkate wa kumimina. Kwa mbali fisi analia. Karibu zaidi yuko mnyama anayevunja matawi; unajiambia ni tembo, na papo hapo unatamani asiwe tembo.

Mwaka mmoja nilifuatana na wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu tukalala siku 3 katika kambi ya namna hiyo, karibu na mpaka wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Mahema tuliyaazima. Vijana walipofika walichagua mahali ambapo wao walipaona pazuri mno: mto mkavu, wenye mchanga laini, tambarare kama sakafu ya nyumba. Walikuwa wamekwisha kusimamisha mahema 2 ndipo alipokuja mzee mmoja, mlinzi na mpishi wa mahali pale, akasimama ukingoni akitutazama.

"Wanangu," akasema, "kitanda hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, mzee?"

"Maji."

Hapakuwa na wingu hata moja. Lakini mzee alitueleza ya kuwa mvua huweza kunyesha milimani, mbali sana, wala wewe usiisikie, na maji yake yakakufikia usiku wa manane bila hodi. Basi tukang'oa vigingi tukahamia juu. Huko nako akatuondoa chini ya mgunga wenye tawi lililokauka, akatuondoa tena katika njia ambayo wanyama hupita kwenda kunywa. Akatuonyesha upepo unakotoka, na choo kichimbwe wapi, na kuni ziokotwe kabla ya jua kupinda. Kazi hiyo yote aliifanya kwa maneno machache, kama mwalimu aliyelifundisha somo lile mara elfu.

Usiku, tulipokwisha kula, kijana mmoja alitaka kumsifu. Akasema, "Mzee, Wazungu walikufundisha vizuri kupiga kambi."

Mzee akacheka. "Baba yangu alikuwa mpishi wa safari," akasema, "naye alifundishwa kazi na mtu wa Pwani. Mzungu alitukuta njiani, mwanangu."

Nakiri kwamba hata mimi, mwalimu wa historia, nilikuwa nikifikiri kama kijana yule. Picha tunazoziona tangu utoto hutuonyesha Mzungu amekaa mbele ya hema lake, kofia pana kichwani, na nyuma yake wamesimama watu wasio na majina. Basi niliporudi chuoni niliyatazama upya yale niliyokuwa nimeyasoma, nami nataka tuyatazame pamoja.

Neno lenyewe, safari, asili yake ni Kiarabu. Likawa letu, nao Waingereza wakaliazima kwetu katika karne ya 19. Aghalabu watu huazima neno pamoja na kitu chenyewe. Waingereza walikuwa na maneno yao ya mwendo na matembezi, lakini walipofika kwetu walikuta jambo ambalo maneno hayo hayakulitosha: mamia ya watu wakitembea kwa miguu kwa miezi mingi, wakihamisha kila siku mji mzima wa vyakula, vyombo na mali, na kuujenga tena jioni mahali pengine.

Njia za bara zilijulikana zamani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa biashara ya mbali, wakileta pembe za ndovu mpaka Mombasa. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alikwenda Kitui akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, na kutoka huko aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Vitabu hutuambia ya kuwa Krapf alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona mlima ule, na neno hilo ni kweli. Ila usisahau kuuliza ni nani aliyekuwa mwenyeji wake.

Baadaye Waswahili wa Mombasa, Vanga na Pangani walizidi kuingia bara wenyewe. Mwaka 1870 habari za njia zao zilichapishwa kwa Kiingereza na mmisionari Thomas Wakefield, aliyekaa Ribe, karibu na Mombasa. Wakefield hakuzipita njia zile. Alizipata kinywani mwa mtu mmoja, Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara, mwenyeji wa upande wa Gazi. Sadi alimtajia kambi baada ya kambi, siku baada ya siku, kupita nchi ya Wamaasai na kuendelea mpaka pande za Ziwa: hapa pana maji, hapa hapana; hapa pana watu wa kuuza chakula, hapa pana nyika tupu. Fikiri, msomaji, ni akili gani hiyo. Mtu ameketi barazani bila karatasi, na kichwani mwake mna ramani ya nchi yote, nayo imechorwa kwa kambi.

Tena kambi hizo hazikuchaguliwa ovyo. Aliyetoka Mombasa alipita Maji ya Chumvi, akafika Taru, mahali penye mashimo ya mwamba yanayoitwa ngurunga, yanayohifadhi maji ya mvua. Akikuta ngurunga zimekauka, alikuwa na taabu kubwa, kwa kuwa mbele yake ilikuwa nyika ya miiba mpaka Maungu, na huko Maungu maji yalikuwa juu ya kilima. Hebu fikiri: umetembea jua kali na mzigo kichwani, umefika, na kabla ya kunywa huna budi kupanda mlima. Ndipo watu waendelee hata mto Tsavo, ambao haukauki. Mwanafunzi akitazama ramani ya reli ya zamani atayakuta majina mengi kati ya hayo, Maji ya Chumvi, Taru, Maungu, Tsavo, yakiwa majina ya stesheni. Wahandisi walikuja na vyombo vyao vya kupimia, lakini kwa sehemu kubwa waliifuata njia ambayo wapagazi walikuwa wamekwisha kuipima kwa nyayo.

Sasa tuutazame msafara wenyewe. Mbele hutangulia kirangozi, mwenye bendera na baragumu, wala si adabu mpagazi kumpita. Yeye ndiye ajuaye njia. Nyuma yake huja wapagazi kwa mstari mmoja mrefu, kila mtu na mzigo wake. Kadiri ya mzigo ilikuwa ratili 60, yaani karibu kilo 27, na wengine walibeba zaidi, licha ya mkeka wao, sufuria yao na chakula chao. Mzigo usioweza kubebwa na mtu mmoja hutungikwa katika mti, watu wawili wakauchukua begani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Huo huitwa mzigaziga. Mnyapara hukaa nyuma, akiangalia anayechechemea na anayetaka kutoroka.

Mwendo huanza alfajiri na kukoma kabla ya jua kuwa kali mno. Wakifika kambini, mizigo hurundikwa katikati, na pande zote hujengwa boma la miiba. Hapo wapagazi hujigawa wenyewe katika vikundi vidogo vya wenzi wa chungu kimoja. Mmoja huteka maji, mmoja huokota kuni, mmoja hupika, mwingine huenda kununua ndizi au viazi kwa wenyeji. Fedha yao ilikuwa shanga, waya na nguo, na nguo iliyopendwa kuliko zote iliitwa merikani, maana ilifumwa katika viwanda vya Marekani ikaletwa na merikebu mpaka Unguja. Likumbuke jina hilo. Tutamwona Mmarekani mwingine baadaye.

Lakini kazi kubwa ya kambi ni hesabu, nami nataka uifanye pamoja nami. Desturi ya misafara ilikuwa kumpa kila mtu kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, ambacho ni kama ratili moja na nusu. Ikiwa una watu 200, watakula ratili 300 kila siku, yaani mizigo 5. Nyika isiyo na chakula ikiwa ya siku 10, unahitaji mizigo 50 ya posho. Basi robo nzima ya wapagazi wako hawachukui mali. Wanachukua chakula cha wenzao na chao wenyewe. Ukikosea hesabu kwa siku 3 tu, watu watakufa njiani, na katika misafara mingi walikufa. Mnyapara mwema alikuwa mtu wa kujua hayo yote bila kalamu.

Sisemi kwamba misafara ile ilikuwa mambo ya kupendeza tu. Pamoja na pembe za ndovu walichukuliwa watu. Na miongoni mwa wapagazi wenyewe walikuwamo watumwa ambao mabwana wao wa Pwani waliwakodisha, na sehemu ya ujira wao ikaenda mfukoni mwa bwana. Serikali iliufuta utumwa wa kisheria katika Pwani yetu mwaka 1907, wakati ambapo reli ilikuwa imekwisha kufika Ziwani. Kiboko nacho kilikuwa sehemu ya kambi, tena hakikuondoka Wazungu walipoingia. Anayeisifu kazi ya wapagazi hana budi kuyasema hayo pia.

Wasafiri wa Kizungu walipoanza kuja waliingia katika taratibu hiyo. Mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, alitaka kupita nchi ya Wamaasai. Hakuweza kupita peke yake. Aliambatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, aliyeijua nchi ile na watu wake, na baada ya miaka michache Jumbe huyo huyo alifuatana na Teleki, mkabaila wa Hungaria, katika safari ya mwaka 1887 na 1888 iliyofika ziwa tunaloliita leo Turkana, ingawa yeye mwenyewe hakufika huko mwisho. Thomson aliandika kitabu kikasomwa sana. Yuko swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, utamwona kwa maelfu huko Mara, naye amepewa jina la Thomson. Hata kwa Kiswahili twamwita swala tomi. Mnyama aliyepewa jina la Jumbe Kimameta mimi simjui.

Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Ilifika mwaka 1899 mahali penye maji baridi palipoitwa na Wamaasai Enkare Nairobi, na wahandisi wakapiga mahema yao hapo. Kwa hiyo mji wetu mkuu nao ulianza kuwa kambi. Mwaka 1901 reli ikafika Ziwani, na siku za misafara mikubwa ya Mombasa zikawa zimekwisha. Gari moshi moja lilichukua mizigo ya wapagazi mia kadha wa kadha, tena halikutaka posho.

Sasa wapagazi waende wapi? Wengine walirudi kwao. Wengine walikaa Nairobi katika vijiji walivyovijenga wenyewe, na kimoja kilichojulikana sana kiliitwa Pangani, kama ule mji wa Pwani. Walikaa humo wapagazi wa zamani, askari, wachuuzi na wapishi, watu wa makabila mengi waliounganishwa na Kiswahili, na wengi wao kwa Uislamu. Serikali ya wakati ule ilikibomoa mwaka 1939, na watu wakahamishwa, wengi wakaenda Shauri Moyo. Lakini kabla ya hapo, vijiji vile vilikuwa hazina. Mgeni tajiri aliposhuka garini akitaka kuwinda, mnyapara wake, mpishi wake, mtunza hema wake na wapagazi wake walipatikana katika vijiji vya namna ile. Makampuni ya Kizungu, kama ile ya Newland na Tarlton, yalimwandalia mgeni kila kitu kwa malipo yake. Yalikodisha ustadi ambao hayakuuvumbua.

Mgeni mashuhuri kuliko wote alifika Mombasa tarehe 21 Aprili 1909. Huyo ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani. Alikuja na mwanawe Kermit na wataalamu wa wanyama, kukusanya ngozi na mifupa kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Walipanda gari moshi mpaka Kapiti, katika uwanda wa Athi, na hapo wakakuta kambi imekwisha kuwa tayari inawangojea: mahema mengi yamepangwa safu safu, wapagazi wapatao 200 wamesimama, na juu ya hema la mkubwa inapepea bendera ya Marekani. Roosevelt mwenyewe aliandika ya kuwa hema lake lilikuwa la raha kiasi cha kumtia haya, maana katika ujana wake huko kwao alizoea kambi ya kulala chini. Alikuwa na watumishi wa hema, maji ya moto ya kuoga jioni, na chakula mezani.

Tazama sasa mizigo yake. Chumvi ya kukaushia ngozi peke yake ilikuwa tani 4. Ukiigawa kwa ratili 60 utapata mizigo zaidi ya 130. Alichukua pia maktaba ya vitabu vipatavyo 60, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe vistahimili jasho na vumbi, na sanduku lake lilipimwa uzito usizidi ratili 60, ili limtoshe mpagazi mmoja. Nimekaa nikalifikiri sana sanduku lile. Kipimo cha msafara wa Pwani kiliamua ni vitabu vingapi aliyekuwa Rais wa Marekani aweze kuvisoma porini. Na mtu aliyekibeba kichwani chuo kile, kutoka kambi hata kambi, yamkini hakuweza kusoma hata ukurasa mmoja.

Roosevelt aliwataja baadhi ya watu wake kwa majina, nasi tumshukuru kwa hilo, kwa sababu wageni wengi hawakufanya hivyo. Katika kitabu chake utawakuta Muhamed na Bakari waliombebea bunduki, na Ali wa hemani, na Juma Yohari na Kasitura waliofuatana na Kermit. Nao watu wa kambi walikuwa na majina yao ya kuwapa mabwana. Kermit, aliyekuwa kijana mtanashati, walimwita Bwana Maridadi. Baba yake, aliyekuwa mnene, walimwita Bwana Tumbo. Hilo, nadhani, ni ukurasa mmoja wa historia ulioandikwa na wapagazi wenyewe.

Safari ile ilikaa katika nchi yetu mpaka Desemba 1909, ikapita Sotik, Naivasha, Meru na Uasin Gishu, kisha ikaenda Uganda na kuteremka mto Naili. Baba na mwana walipiga kwa bunduki wanyama na ndege 512. Baba 296, mwana 216. Vitu vyote vilivyopelekwa Washington, pamoja na panya, ndege wadogo, nyoka na samaki, vilizidi 11,000. Huenda ukakasirika ukisoma hesabu hiyo. Lakini mimi nataka uweke karibu nayo hesabu nyingine. Wakati ule ruhusa ya mgeni kuwinda ililipiwa pauni 50, ndizo rupia 750. Ujira wa mpagazi ulikuwa kama rupia 10 kwa mwezi. Ili mpagazi apate bei ya ruhusa ile angebeba mizigo miaka 6 na miezi 3, bila kula wala kuvaa.

Na bila ruhusa, aliyewinda alikuwa mwizi. Hapo ndipo mambo yalipopinduka katika nyika yetu. Wakamba waliowinda tangu zamani, na Waata wa nyika ya Tsavo, waliomwua tembo kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu, walijikuta ni wahalifu katika nchi yao. Mbuga ya Tsavo ilipotengwa mwaka 1948, sehemu kubwa ya nchi ya Waata iliangukia ndani yake, na katika miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa na kufungwa. Najua ya kuwa tembo hawana budi kulindwa. Nimewaona, wala sitaki mjukuu wangu awasikie katika hadithi tu. Lakini tunapoita mahali pale pori tupu, yafaa tujue lilitupwaje.

Vita vya 1914 mpaka 1918 viliyachukua mambo haya ya kambi na kuyageuza msiba. Majeshi ya Waingereza na Wadachi yalipigana katika nchi isiyo na barabara, na mizigo yote ilikwenda vichwani mwa watu. Serikali ilikusanya wapagazi kwa nguvu, mamia ya maelfu. Hesabu ya posho niliyokuonyesha ilivunjika kabisa. Watu wa ugali walipewa vyakula wasivyovizoea, wakaharisha, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jeshi lao liliitwa kwa Kiingereza kwa jina ambalo watu wetu walilitamka Kariakor. Ukienda soko la Kariakor hapa Nairobi, au Kariakoo ya Dar es Salaam, unakanyaga mahali palipokuwa na kambi yao. Katika barabara ya Kenyatta ziko sanamu tatu za shaba, na mmoja wa watu wale ni mpagazi. Simama siku moja umtazame.

Baada ya vita motokaa iliingia porini. Mwana wa Mfalme wa Uingereza alipokuja kuwinda mwaka 1928, akiongozwa na Denys Finch Hatton, gari lilikuwa limekwisha kuichukua sehemu kubwa ya kazi ya kichwa. Wapagazi wakapungua, wakabaki mpishi, mtunza hema, mfuata nyayo, na sasa dereva. Wageni wakaanza kushika kamera mahali pa bunduki, na mwaka 1977 Serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa mchezo. Kambi haikufa. Ukienda leo Mara, Samburu au Tsavo utaikuta, hema safu moja, moto mbele, jiko nyuma, maji ya moto katika debe au katika pipa. Mgeni hulipa fedha nyingi ili alale jinsi ile, na karatasi za matangazo humwambia ataishi kama wavumbuzi wa kale. Ni kweli kwa namna fulani, ila waliochapa karatasi zile hawakusema ni wavumbuzi gani.

Nirudi kwa mzee wetu. Maji hayakuja katika mto ule mkavu usiku wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu, na vijana wawili watatu walianza kumtania ya kuwa tumelala juu ya mawe bure. Yeye hakujibu. Asubuhi ya kuondoka alikuwa amechutama jikoni, akipima unga uliobaki kwa kopo, kopo moja moja, ili ajue umetumika kiasi gani na ajao watahitaji kiasi gani. Nilimwuliza kama baba yake alimfundisha na hilo. Akasema hilo ndilo alilofundishwa kwanza, kabla ya kuruhusiwa kushika kisu.

Yule kijana aliyewasifu Wazungu alikuja akachutama karibu naye, na daftari mkononi. "Mzee," akasema, "baba yako jina lake nani?"

Mzee aliliweka kopo chini. Akataja jina la baba yake, na la yule mtu wa Pwani aliyemfundisha baba yake kazi, na mahali alipotoka. Akayarudia polepole, kwa kuwa kijana alikuwa akiandika, tena akamwomba amsomee asikie kama yameandikwa sawasawa. Majina hayo siyataji hapa, maana ni ya jamaa yao, nami sikuomba ruhusa. Lakini yamo daftarini, kwa wino, chini ya tarehe ya siku ile.